Nyama choma, kidole cha mjomba na kitu kinaitwa purini

Usiku ule mjomba alisema hata shuka ilikuwa inamuumiza. Shuka, wasee. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefura na kuwaka kama kaa, na mwanamume anayeangusha fahali kwa mikono yake alikuwa analia jikoni kwetu Kitengela saa tisa za usiku.

Mjomba ni dalali wa mifugo. Ananunua ng'ombe na mbuzi soko la Kimana, anapakia lori, anapitia Emali na kuwashusha huku kwetu. Biashara ikifungwa, nyama inachomwa. Maini kwanza, halafu mbavu, bia, na asubuhi supu ya kutoa loki. Miaka miwili aliambiwa mara ameteguka, mara ni baridi, mara ni mkono wa mtu. Duka moja la dawa lilimdunga sindano ya maumivu kila alipoenda, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyempima asidi ya yuriki, na ni kipimo tu cha damu.

Ilikuwa jongo, ile wengi tunaita gauti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo haya nimeyasoma kwa simu, usiku, nikiwa na hasira. Nikajikuta kwenye kitu nilichodhani nilikizika na mitihani ya bayolojia: nukleotidi. Tulifundishwa ni herufi za DNA, basi. Kumbe moja yao, ATP, ndiyo tokeni za stima za mwili. Kila seli inazitumia kusukuma, kujenga, kukaza misuli. Mwilini hukosi, lakini huna akiba: ATP uliyonayo sasa hivi haifiki robo kilo, ila kwa siku moja unaichaji upya mara nyingi hadi jumla yake inakaribia uzani wako. Tena zinabeba ujumbe. ATP inapotumika, mabaki yake, adenosini, yanajikusanya kwenye ubongo mchana kutwa yakikuambia ulale. Kahawa inaziba tu masikio ya ubongo usisikie.

Shida iko kwa takataka. Herufi mbili kati ya hizo, A na G, ni za ukoo wa purini. Nyingi mwili unazirudisha kazini, zinazobaki zinageuzwa asidi ya yuriki, na figo zinaitoa kwa mkojo. Ikizidi kwenye damu inaganda kuwa fuwele kama sindano, na inapenda sehemu zenye ubaridi kama kidole gumba cha mguu. Askari wa mwili wanaziona fuwele, wanadhani ni adui, vita vinaanza usiku.

Sasa rudi kwa sahani ya mjomba. Maini na figo zimejaa purini. Ukichemsha nyama, purini nyingi zinahamia kwenye maji, kwa hivyo ile supu si dawa ya kuoga tumbo. Bia ina purini zake, na pombe yenyewe inazuia figo kutoa yuriki. Na wewe usiyekunywa usicheke: sukari ya soda ina fruktosi, na ini likiivunja linachoma ATP haraka sana, yuriki inapanda. Maharagwe, ambayo mjomba alikatazwa kwa ukali, hayajaonekana kuongeza hatari ya jongo. Alinyimwa githeri bure.

Kinachonichekesha ni kwamba ng'ombe mwenyewe hana shida hii. Ana kimeng'enya kinachovunja asidi ya yuriki. Mbwa anayesubiri mifupa chini ya meza anacho pia. Sisi binadamu tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Na karibu thuluthi mbili za yuriki zinatoka kwa seli zetu wenyewe, si kwa chakula. Kwa hivyo wale wa "amekula sana, wacha aumie" hawajui wanachosema.

Dawa ipo. Inaitwa alopurinoli, inafunga kimeng'enya kinachotengeneza asidi hiyo, na ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1966. Aliyeitengeneza pamoja na George Hitchings ni Gertrude Elion, mwanamke aliyeacha masomo ya uzamifu kwa sababu chuo kilimtaka aache kazi. Walikuwa wanatafuta kuipa nguvu dawa ya saratani ya damu, wakaona yuriki inashuka. Mwaka wa 1988 wakapata Nobel. Nilisoma hiyo sehemu mara tatu, sijui kwa nini.

Si dawa ya kujinunulia, lakini. Daktari huanza na dozi ndogo, wiki za kwanza kidole kinaweza kuwaka tena, na ukiona vipele unaacha na kurudi hospitali mara moja. Lengo la kawaida ni yuriki iwe chini ya mikromoli 360 kwa lita. Zile sindano na tembe za maumivu zikizoeleka zinaumiza figo, na figo ndizo zilizokuwa zinamsaidia.

Mjomba sasa yuko 341. Amerudi Kimana, maini anampa dereva, na juzi alinipigia simu kuuliza kama matumbo nayo yanahesabika.

Yanahesabika, mjomba.