Taka Zetu Zafikaje Baharini?

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kuvua pamoja na baba yangu. Tulipopandisha jarife alfajiri tulipata samaki wachache sana, lakini mifuko na chupa za plastiki zilikuwa tele. Baba akaniuliza, "Wewe msomi, vitu hivi vyatoka wapi?" Nikamjibu upesi kuwa vyatupwa na meli. Jawabu langu halikuwa sahihi, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Ni kweli kuwa taka nyingine hutupwa na vyombo vya baharini, lakini nyingi hutoka nchi kavu. Mtu hutupa chupa njiani. Mvua huisukuma mferejini, mfereji huipeleka mtoni, nao mto huifikisha baharini. Mto Msimbazi, upitao katikati ya Dar es Salaam, huingia Bahari ya Hindi pamoja na vyote ulivyobeba. Wataalamu walikadiria kuwa katika mwaka 2010 peke yake, plastiki iliyoingia baharini kutoka nchi kavu duniani kote ilikuwa kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7.

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo vidogo, hata vikawa kama chembe za mchanga, na samaki huvimeza. Kasa naye huuona mfuko uelea­o majini akadhani ni konyeza, ambaye ni chakula chake. Akiumeza, matumbo huziba, naye aweza kufa.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni, 2019. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini chupa za maji na vifungashio vya vyakula vingali vingi.

Sasa yanipasa kukiri kosa. Mimi ni kiranja wa usafi. Kwa muda mrefu niliwaongoza wenzangu kumwaga taka katika shimo lililo kando ya kijito, nyuma ya jiko. Masika haya, baada ya mvua ya usiku mmoja, nilikuta shimo limefurika na taka nyingi zimekwenda na maji. Kijito kile huingia mtoni, na mto huo huingia baharini, huko huko avuako baba yangu.

Tangu siku ile tumeanza mambo mawili. Kwanza, chupa tupu twaziweka katika gunia lake, kwa kuwa wako watu wanaozinunua kwa kilo. Pili, tumefunga wavu wa waya mdomoni mwa mfereji, na kila jioni bweni moja huondoa taka zilizonaswa. Twawaomba walimu na wazazi watusaidie jambo la tatu: shimo lihamishiwe mahali pa juu, mbali na maji. Kuchoma plastiki si dawa, kwani moshi wake una sumu.

Kuokota taka ufukweni ni kazi njema, lakini ni rahisi zaidi kuizuia chupa moja mferejini kuliko kukusanya vipande vyake elfu baharini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Likizo ijayo nitamwambia baba jawabu la kweli.