Chuma kisiposhikwa barabara, mashine humgeuka fundi

PAMPU za dizeli zinazovuta maji ya Mto Tana kunyunyizia mashamba yaliyo kandokando ya mji wa Garissa huchakaa upesi, kwani maji hayo hubeba mchanga na matope. Shafti ikiliwa, mkulima huipeleka kwa fundi ili ijazwe chuma kwa kuchomelewa, kisha ikerezwe kwenye keezo hadi irudie unene wake. Wengi hudhani ustadi wa kazi hii umo katika kisu kinachokata. La hasha! Huanzia katika namna shafti ilivyoshikwa.

Taya tatu za keezo husogea pamoja, hivyo hukikamata chuma cha mviringo katikati bila taabu. Kipande chenye umbo lisilo sawa huhitaji taya nne, kila moja ikikazwa peke yake.

Tatizo kubwa ni urefu. Chuma kinachochomoza nje ya taya kwa zaidi ya takriban mara tatu ya unene wake huanza kukikwepa kisu: hutetema, na ncha ya mbali hubaki nene kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana ncha hiyo hutobolewa kitundu katikati na kutegemezwa kwa mwiba wa chuma. Shafti ndefu zaidi hupinda tumboni hata ikishikwa pande zote mbili, nayo huongezewa tegemeo hapo katikati. Fundi akipuuza hayo, shafti isiyonyooka itaharibu beringi, maji yatavuja, na mkulima atarudi na pampu ileile huku mimea ikinyauka.

Hata hivyo, mashine ninayoihofia zaidi ni ile ndogo ya kutoboa, ambayo kila kibarua hudhani aiweza. Keekee inapokaribia kutokeza upande wa pili hukinasa chuma ghafla. Kipande kilichoshikwa kwa mkono huzunguka kama panga. Jiliwa iliyofungwa mezani, au vibano viwili, huzuia balaa hilo. Glavu hapa si kinga, kwa kuwa zikinaswa huuvuta mkono mzima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na mitambo salama. Lakini ipo hatua isiyogharimu hata senti: ondoa ufunguo wa kukazia taya, kisha zungusha kipande kwa mkono mzunguko mmoja kamili kabla ya kuwasha umeme.