Wapi pa Kulifungulia Gari: Rekodi za Dunia Zikitazamwa Kutoka Nyakalengija

Ukiiacha barabara kuu ya Kasese kwenda Fort Portal ukapinda kushoto kuelekea Ibanda, una kilomita kama 12 mpaka Nyakalengija, pale wapanda Rwenzori wanapojiandikisha na wapagazi wanapogawana mizigo. Kusini mwa Italia, karibu na mji wa Nardò, kuna barabara yenye urefu unaokaribiana na huo, kilomita 12.6, ila yenyewe haiendi popote. Ni duara. Fiat waliijenga wakaifungua mwaka 1975, na tangu 2012 iko mikononi mwa Porsche. Kipenyo chake ni kilomita 4, na njia yake ya nje imeinamishwa ndani kwa hesabu kali: gari likifika kilomita 240 kwa saa, dereva hana haja ya kukata usukani. Linazunguka lenyewe kana kwamba liko kwenye mstari ulionyooka.

Barabara ya Nyakalengija haina hesabu hiyo. Ina watoto wanaotoka shule, mbuzi waliofungwa kamba ndefu kupita kiasi, bodaboda iliyobeba mikungu minne ya matoke, na kona ambazo ukizimaliza unakutana na mtu anayeanika kahawa kandokando ya njia. Hata hivyo Kasese, kama mji wowote wa Uganda, ina vijana wenye Subaru Impreza na Mark X, na kila mmoja anataka kujua gari lake linakomea wapi. Swali hilo ni halali. Shida ni mahali pa kuliulizia.

Rekodi za magari husimuliwa kwa kasi: nani alikimbia zaidi, lini, kwa injini gani. Hapa nimezipanga kwa kigezo kingine ambacho watangazaji hawakipendi sana, yaani kilichoko pembeni mwa lami siku mambo yanapoharibika.

Iliyonyooka kuliko zote

Ehra-Lessien, uwanja wa majaribio wa Volkswagen huko Ujerumani, una mstari mnyoofu wa kilomita 8.7. Hapo ndipo Andy Wallace alipoifikisha Bugatti Chiron kilomita 490.484 kwa saa tarehe 2 Agosti 2019. Rekodi hiyo ilipitwa Septemba 2025 kwenye uwanja mwingine wa Ujerumani, Papenburg, na gari la umeme kutoka China, Yangwang U9 Xtreme, lililofika 496.22.

Watu hudhani urefu wa mstari ule ni wa kupandishia kasi. Nusu ya faida yake ni ya kusimama. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari zuri lenye tairi nzuri kwenye lami kavu husimama kwa takriban mita 40 tangu mguu ukanyage breki. Ongeza kasi mara mbili, uwe 200, na umbali hauongezeki mara mbili bali mara nne: mita 160. Jumlisha sekunde moja ya kushtuka, ambayo kwa mwendo huo inakula mita 56, umeshapita mita 210 kabla gari halijatulia. Sasa ipeleke hesabu hiyo usiku kwenye tambarare ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kati ya Kikorongo na Katunguru, mahali ambapo vijana wetu huona lami imenyooka na damu ikachemka. Taa za kawaida zinamulika sehemu ndogo tu ya umbali huo. Tembo hana taa za nyuma, na fisi havuki kwenye alama. Sheria ya Uganda inaruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye lami nje ya miji na 80 kwenye changarawe, na hata hiyo 100 ni nyingi mno mbele ya nyati aliyesimama katikati ya njia.

Mstari ulioandaliwa kwa uangalifu kuliko yote ninayoifahamu, hata hivyo, uko Afrika. Hakskeenpan, jangwani Northern Cape huko Afrika Kusini, gari la Bloodhound likiendeshwa na Andy Green lilifika kilomita 1,010 kwa saa Novemba 2019. (Rekodi rasmi ya nchi kavu bado ni ya Green huyo huyo: 1,227.985, iliyowekwa Nevada, Marekani, Oktoba 1997, akiwa amepita kasi ya sauti.) Kabla Bloodhound haijashushwa kwenye lori, wakazi 317 wa maeneo ya jirani waliinama juani wakaokota mawe kwa mikono yao kwenye uwanda ule, tani 16,500. Kwa mwendo ule kijiwe kidogo tu kinatosha kuleta maafa. Ningependa kuona majina ya hao 317 yakiandikwa palepale linapoandikwa jina la dereva.

Maarufu kuliko zote, na mbaya kwa mwanafunzi

Nürburgring Nordschleife ina kilomita 20.832 za kona msituni na imekuwapo tangu 1927. Timo Bernhard aliizunguka kwa dakika 5 na sekunde 19.546 mwaka 2018 kwa Porsche 919 iliyoondolewa vizuizi vyote vya kanuni. Uzuri wake ni kwamba siku nyingi mtu yeyote mwenye leseni na gari halali hulipa tiketi akaingia. Ubaya wake ni huohuo. Unakutana na basi dogo la watalii, na Mjerumani anayeijua kila kona tangu utotoni. Sehemu kubwa ya njia imebanwa na vyuma vya pembeni, na ukiteleza huna pa kwenda ila kwenye chuma, kisha unalipia na chuma chenyewe. Ni pahali pa kwenda baada ya kujifunza, si pa kujifunzia.

Ya juu kuliko zote

Hii wapagazi wa Nyakalengija wataielewa kuliko mimi. Mbio za Pikes Peak, Colorado, huanzia kwenye mita 2,862, juu kidogo ya kibanda cha Nyabitaba ambako wageni wa Rwenzori hulala usiku wa kwanza. Humalizikia mita 4,302, yaani umeshakipita kibanda cha Bujuku na uko njiani kwenda Elena. Mpanda mlima hutumia karibu siku tatu kati ya vimo hivyo, akiwa na buti za mpira na matope hadi magotini. Mwaka 2018 Romain Dumas alitumia dakika 7 na sekunde 57.148 kwa kilomita 20 hivi zenye kona 156.

Gari lake, Volkswagen ID.R, lilikuwa la umeme, na hilo halikuwa pambo. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, maana hewa inapungua. Mota ya umeme haivuti pumzi. Barabara yenyewe ililainishwa kwa lami hadi kileleni mwaka 2011, lakini kona nyingi hazina ukingo. Pembeni ni hewa tupu. Nayo inafungwa siku ya mbio, gari moja moja linaachiwa, na waokoaji wamepangwa njia nzima. Ukiondoa hayo matatu, kinachobaki ni mteremko tu.

Yenye huruma kuliko zote

Kama ningempeleka mdogo wangu popote duniani akajifunze, ningechagua Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa. Uwanja ulifunguliwa 1970, na ulipokarabatiwa kwa ajili ya majaribio ukawekewa maeneo mapana ya lami nje ya kona, yaliyopakwa mistari ya buluu na nyekundu. Mistari hiyo inakwaruza. Ukikosea kona unaingia kwenye buluu, tairi linashika, kasi inapungua. Ukizidi unaingia nyekundu, inayokwaruza zaidi. Unapoteza tairi, unabaki na gari, unabaki na miguu. Watazamaji wa Formula One waliulalamikia kwamba kosa halina adhabu. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo sifa.

Upande wa pili wa mizani uko kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955. Mercedes ya dereva Pierre Levegh iligonga ukingo mdogo wa udongo uliotenganisha njia na umati, na vipande vyake vikaua zaidi ya watu 80; naye akafa. Hakuna siku mbaya kuliko hiyo katika historia ya mchezo huu. Uswisi ilipiga marufuku mbio za viwanjani kwa zaidi ya miongo sita kwa sababu yake.

Za kwetu

Afrika Mashariki tuna rekodi zetu, na nyingine ni za kutisha kidogo ukizifikiria. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilifanyika kwenye barabara zilizo wazi. Matatu inakuja, ng'ombe wanavuka, na gari la mbio linapita katikati yao. Timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele kuangalia kuna nini baada ya kona. Mwaka 1963 waliomaliza walikuwa 7 tu. 1968 yalianza magari 93, yakamaliza tena 7. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alikuwamo katika saba hao miaka yote miwili, na alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976.

Lakini bingwa wa Safari kuliko wote alizaliwa Uganda. Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilifukuzwa pamoja na Waasia wengine 1972, alishinda mara 5. Ushindi wa kwanza, 1973, ndio uliobana kuliko yote: yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawasawa, na Mehta akapewa kombe. Baada yake Charles Muhangi alileta Uganda ubingwa wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa, 2011.

Safari iliporudi katika mashindano ya dunia 2021 haikurudi na barabara wazi. Hatua zake sasa ziko Naivasha na jirani zake, nyingi ndani ya mashamba na hifadhi binafsi, zimefungwa, na watazamaji wana mahali pao. Waliojua mbio za zamani huzililia. Siwalaumu, ila mwenye ng'ombe hakuwahi kuulizwa.

Tukumbuke pia kwamba barabara iliyofunguliwa kwa mbwembwe si uwanja. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe, ya kwanza nchini yenye tozo, ni laini na pana. Mei 2025 Rajiv Ruparelia, mfanyabiashara aliyekuwa pia dereva wa mbio, alifariki katika tawi la barabara hiyo la kuelekea Munyonyo, Nissan GT-R yake ilipogonga vizuizi vya zege. Nani alikosea si kazi yangu. Zege ndilo ninalolitazama: barabarani huwekwa pale ujenzi unapotaka, na uwanjani huwekwa pale gari halitafika.

Aliye Kasese aende wapi?

Uganda haina uwanja wa lami wa kiwango cha kimataifa. Rwanda ilitangaza Desemba 2024 kwamba inataka Formula One, na uwanja umepangwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, tusubiri. Kwa sasa kilicho karibu ni mbio za vumbi za klabu zilizo chini ya shirikisho la vilabu, FMU. Mbarara huandaa, na Busiika kaskazini mwa Kampala kuna uwanja wa pikipiki na magari. Vumbi lina faida ambayo vijana huidharau: gari hupoteza mshiko kwa kasi ndogo. Unajifunza kuteleza ukiwa 60, si 160.

Anayetaka lami kwa bei nafuu aende Nairobi akaendeshe go-kart, vile vigari vidogo vya mbio, kwenye uwanja wa Carnivore. Madereva wengi wakubwa duniani walianzia kwenye go-kart. Mwenye fedha za ndege ana Kyalami, karibu na Johannesburg, kilomita 4.522. Na ndugu zetu walioko kazini Ghuba wana bahati wasiyoijua: Dubai Autodrome na Yas Marina huko Abu Dhabi zina siku ambazo mtu wa kawaida huruhusiwa kuingia, na Yas wana usiku wa kukimbiza magari kwenye mstari mnyoofu, uliokusudiwa kuwatoa vijana barabarani.

Popote utakapokwenda, kabla ya kulipa tembea kwa miguu mpaka kona ya kasi zaidi. Simama pale gari likikosea litakapotokea. Ukiona mti, mtaro au shabiki mwenye kiti cha plastiki, rudisha funguo mfukoni. Uliza nani ana bendera nyekundu na nani ana redio. Uliza ambulensi iko wapi, na kama ina mtu ndani. Formula One hudai helikopta ya wagonjwa, na isipoweza kuruka, hospitali iwe ndani ya dakika 20 kwa barabara. Kutoka Nyakalengija hadi hospitali ya rufaa ya Fort Portal ni zaidi ya saa nzima, barabara ikiwa njema.

Siku yenyewe, badilisha mafuta ya breki kwanza, maana ya zamani yana unyevu, yakichemka kanyagio linazama mpaka sakafuni. Kaza nati za magurudumu, toa mkeka wa miguuni na chupa iliyo chini ya kiti. Mizunguko miwili mitatu, kisha mzunguko mmoja wa taratibu bila kugusa breki sana ili zipoe. Ukiegesha usivute handibreki, kwa sababu pedi za moto zikibanwa kwenye diski huacha alama, na gari litatetemeka njia nzima hadi nyumbani. Liache kwenye gia, uweke jiwe chini ya tairi.