Kura ya Mitambo na Matamshi ya Bungoma

Mwaka 1997 Jonathan Fiscus wa Marekani alieleza ROVER, njia ya kuunganisha matokeo ya mitambo kadhaa inayogeuza usemi kuwa maandishi. Maneno hupangwa sambamba, kisha kila nafasi hupigiwa kura. Makosa hupungua endapo mitambo haikosei mahali pamoja.

Hapo ndipo penye tatizo Bungoma na Kitale. Katika Lubukusu vipasuo ghuna hutokea baada ya nazali tu; hivyo baadhi ya wasemaji wake hutamka “waligoma” kama “walikoma”. Mitambo mitatu iliyofunzwa kwa matamshi ya kwingineko yaweza kukosea kwa pamoja, na kura ikaidhinisha kosa. Ukiongezwa mmoja uliozoea matamshi hayo, utazidiwa kwa wingi, isipokuwa kiwango cha uhakika wake nacho kihesabiwe. Kwa hiyo tofauti ya mafunzo yafaa kuliko wingi wa mitambo.