Tumwache mtoto ajibu mwenyewe

Mgeni akimuuliza mtoto jina lake, mara nyingi sisi wazazi ndio tunaojibu, kisha tunaongeza: "Huyu ana haya." Haya ni sehemu ya imani, lakini woga wa kusema ni jambo jingine. Mtoto aliyezoea kusemewa hushindwa kumwambia mwalimu kuwa hajaelewa, na akidhulumiwa hunyamaza.

Ujasiri hujengwa kwa mambo madogo. Tumwache aitikie hodi, amkaribishe mgeni na kumpa kiti. Tumtume dukani, aulize bei na kuhesabu chenji mwenyewe. Akikosea, tumrekebishe faraghani, si mbele ya watu. Na akizungumza nasi, tumsikilize hadi amalize. Asiyesikilizwa na wazazi wake atapata wapi ujasiri wa kuzungumza na wengine?