Mathe Amesema Stoo Isafishwe: Ubebe Takataka Mwenyewe ama Uite Msee wa Pikapu?

Hii picha unaijua. Umetoka Nairobi asubuhi, ukashuka Wote, ukadandia matatu ya Kathonzweni, na kabla umalize chai mathe ashakupea kazi. Ile nyumba ndogo ya nyuma inatakiwa ibaki wazi kabla mvua. Unafungua mlango na unacheki TV ya Great Wall, Black Mamba haina magurudumu, betri ya sola imevimba kama mandazi, godoro limeliwa na panya, mabati yameoza, na viti vitatu ambavyo kwa jumla vina miguu minane.

Sasa unajiuliza, nijipange na mabinamu tutoe hizi vitu wenyewe, ama nilipe mtu aje abebe zote tumalizane?

Kwanza usipigie mtu wa pikapu simu. Toa kila kitu nje na utenganishe, juu ukishatenganisha ule mzigo ulidhani ni pikapu mbili unaweza kubaki mkokoteni mmoja. Vyuma vinaenda upande wao, na hivyo hulipi mtu abebe, msee wa skrapu ndiye anakulipa wewe. Lakini muulize leseni. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na Januari 2022 Uhuru Kenyatta alisimamisha hiyo biashara yote baada ya nguzo za stima kuangushwa na nchi kuingia giza. Ilifunguliwa miezi michache baadaye. Kwa hivyo ukipata waya wa stima ama kipande cha pampu ya kisima cha jamii kwa hiyo stoo, usikiuze, hata kama hujui kilifikaje hapo. Hiyo ni ngori utajitafutia bure.

Mbao zilizoliwa na mchwa ni kuni. Majani, maganda na samadi kavu ya kuku zinaingia kwa shimo la mbolea. Nguo zinazovalika, kuna jirani.

Halafu kuna hii kitu watu husahau. Mathe akisema "tupa vyote", hajamaanisha vyote. Ukitupa kitete cha susu ama kyondo chenye alishona akiwa msichana, utasikia hiyo story kila Krismasi hadi uzeeke. Na pekua masanduku, mifuko ya makoti, hata chini ya godoro. Karatasi za shamba hukaa mahali pa ajabu sana ushago, na title deed ikienda na takataka utajua hujui siku ya kugawa boma. Mtu wa kulipwa kwa trip hawezi kukutafutia hizo. Yeye anaangalia gari ijae, basi. Hii sehemu ya kupekua ni yako, hakuna kulipa mtu.

Tuingie kwa hesabu. Watu hudhani kujibebea ni bure. Tuseme mwenye mkokoteni wa punda anataka soo tano kwa trip, na zinatoka trip tatu. Hiyo ni ngiri moja na nusu. Ongeza lunch ya mabinamu wawili (na unajua venye hao wasee hukula), ongeza siku yako nzima, na kama wewe hulipwa kwa siku huko Nairobi, hiyo siku ina bei. Mwenye pikapu akisema ngiri tatu na vijana wake wa kupakia wakiwa ndani, tofauti si kubwa vile ulidhani. Hizo ni namba za mfano tu, bei ya ukweli uliza stage, na uliza watu wawili tofauti. Ukiwa na mzigo mwepesi na mkono wa kukusaidia, punda anatosha. Kabati nzito na friji mbovu usipandishe kwa nduthi. Mgongo ukienda, hospitali itakula hiyo doh yote uli-save.

Lakini kwangu bei si ndiyo swali kubwa. Muulize huyo msee wa pikapu anapeleka wapi. Akisema "usijali boss", hapo ndio ujali.

Huku kwetu takataka zinazomwagwa kwa korongo hazikai hapo. Mito yetu ni ya mchanga, miezi mingi hakuna maji juu, ni watu wanachimba visima kwa huo mchanga wakichota na kibuyu. Kuna mabwawa ya mchanga yamejengwa Makueni na Kitui yote kwa hiyo hesabu. Sasa mvua ya Novemba ikishuka, ile betri yako na kila kitu ilimwaga inasukumwa hadi mtoni, na maji yenyewe susu wa mtu atachimba Februari. Risasi ya betri si mchezo. Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuu kuu kilisumisha mtaa mzima, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo pesa hairudishi mtoto.

Kisheria, kuondoa taka ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwa Katiba ya 2010. Sheria ya taka ya 2022 nayo inataka wewe mwenye boma utenganishe zinazooza na zisizooza, na anayesafirisha taka kama biashara awe na leseni. Kwa hivyo pitia ofisi ya kaunti ndogo uulize dampo lililoruhusiwa ni gani, kabla ya dereva akuchagulie.

Vitu viwili usishike mwenyewe hata ukiwa mkali aje. Mabati ya asbestosi, yalipigwa marufuku 2006, vumbi lake linaingia kwa mapafu na halitoki. Hayo yanatolewa na watu wa leseni ya NEMA pekee. Na hiyo Great Wall, usiivunje ukitafuta kopa, kioo chake kina risasi ndani. Ipakie kwa buti ya basi ukirudi Nairobi, WEEE Centre wanachukua vifaa vya stima vilivyokufa. Betri nayo iweke juu ya ubao chini ya paa, mbali na kuku na watoto, hadi umpate mnunuzi mwenye leseni.

Ukiamua ni pikapu, usilipe yote kabla gari itoke. Tuma nusu kwa M-Pesa wakishapakia, binamu mmoja apande nao hadi dampo, na nusu ingine umtumie dereva binamu akikupigia kusema wamemwaga mahali mlikubaliana.