Tijara ya Friji Gadi na Jamaa Zake

Madhali umeme wa Unguja, takriban wote, huvuka bahari kutoka bara kwa nyaya zilizolazwa baina ya Ras Kiromoni na Fumba, si ajabu kwamba hitilafu ya waya mmoja iliweza kuligeuza soko zima; na waliokuwapo Disemba 2009, umeme ulipokatika usirudi hata Machi ya mwaka uliofuata, wanakumbuka jinsi majenereta yalivyogombaniwa kama mchele wa sikukuu. Tangu kulazwa waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, giza la miezi halijarejea. Kilichobakia ni maradhi madogo lakini ya kudumu, yaani umeme kupanda na kushuka, na juu ya maradhi hayo imesimama tijara ya friji gadi, stabilaiza na soketi za kinga, isiyokosa wateja, kwani friji nyingi za hapa ni za mtumba zisizo na dhamana, na hasara yote ni ya mnunuzi.

Kasoro ya tijara hii, kwa maoni yangu, ni kuuza vitu vitatu vya kazi mbalimbali kwa sifa moja. Friji gadi hairekebishi umeme: huukata uzidipo au upunguapo mno, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurejesha, na faida yake kubwa imo katika subira hiyo, maana mota ya friji ikilazimishwa kuanza upya hali gesi ndani yake bado imeshindiliwa, hukwama, hupata moto na mwishowe huungua. Stabilaiza huinua umeme dhaifu na kuushusha uliozidi, ila ina mipaka yake. Soketi ya kinga ina varista, ambayo humeza mpigo wa ghafula, kama wa radi iliyopiga jirani, lakini huliwa kidogo kidogo kwa kila mpigo, hata ikawa taa ya soketi yawaka na kinga haipo. Na muuzaji, aghalabu, hasemi.

Balaa kubwa zaidi ni kukatika waya wa nyutro mtaani, ambapo nyumba iliyozoea volti 230 huweza kuletewa volti zikaribiazo 400. Hapo varista huteketea pamoja na televisheni iliyowekewa, na kifaacho ni kile kinachokata.

Basi mwenye fedha ya kitu kimoja na anunue friji gadi, na kabla ya kuichomeka amwite fundi mwenye leseni aipime ethi ya nyumba.